Maoni Yetu: Miezi Miwili Haitoshi



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, mizani ya majani, nyumba za kambini na makoti ya mvua. Leo twataka kusema juu ya jambo ambalo wengi wetu hulisema kwa kunong'ona, au hawalisemi kabisa: kansa ya ziwa, na uamuzi wa kukubali au kukataa kupasuliwa. Tusikilizeni hadi mwisho, akina mama na akina baba pia, kwa maana jambo hili nalo ni jambo la mkataba wa kazi, kama tutakavyoonyesha.

Mwenzetu mmoja, mchuma chai wa miaka mingi katika shamba moja la magharibi ya Uganda, alikuta kifundo katika ziwa lake la kushoto alipokuwa akioga. Hakikuuma. Kwa kuwa hakikuuma, alikiacha. Mvua zikaja, majani yakawa mengi, na kila kilo ilikuwa pesa. Kifundo kilipofikia ukubwa wa yai la kuku ndipo alipokwenda zahanati ya shamba. Akaandikiwa barua ya kwenda hospitali kubwa, akatolewa kipande cha nyama kwa sindano nene, akaambiwa angoje majibu. Majibu yakatoka: ni kansa. Siku ile ile, masikio yake yakiwa bado yanavuma, aliwekewa mezani karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza, akaambiwa: "Mama, weka kidole hapa. Jumanne tunakata ziwa lote."

Hakuweka kidole. Aliaga kana kwamba anakwenda msalani, akapanda gari, akarudi kambini.

Sisi wa kamati ya wanawake tulipomwuliza baadaye kwa nini alikimbia, hakusema kwamba aliogopa kufa. Alisema mambo matatu. La kwanza, hakuna aliyemweleza kwa nini ziwa zima likatwe badala ya kile kifundo peke yake. La pili, alijua kwamba nyapara anahesabu siku zake. La tatu, nyumbani alikuwa na watoto wanne, na mkononi hakuwa na nauli ya kurudi hiyo Jumanne.

Zitazameni vizuri sababu hizo. Moja ni ya elimu, moja ni ya kazi, moja ni ya fedha. Hakuna hata moja iliyo ya ujinga. Aliporudi hospitali miezi minane baadaye, kifundo kimekwisha kuwa kidonda, alisomewa faili lake: "Mgonjwa alikataa matibabu." Sisi twasema hakukataa matibabu. Alinyimwa nafasi ya kuyakubali.

Je, ni kweli kisu huua?

Kambini kwetu yako maneno yanayozunguka kila mara: ya kwamba kansa ikiguswa na kisu huamka na kuenea mwili mzima. Tusiwacheke wanaosema hivyo. Wamemwona jirani akipelekwa, akapasuliwa, na baada ya miezi michache akazikwa. Macho yao hayakuwadanganya. Lakini wamekosea sababu. Jirani yule alipelekwa wakati kansa ilikuwa imekwisha toka ziwani na kufika kwenye mapafu, ini au mifupa. Kisu kilifika kimechelewa, kikabeba lawama ya ugonjwa.

Kansa ya ziwa iliyoonekana mapema, ikiwa bado ziwani au imefika kwenye tezi za kwapani tu, inaweza kutibiwa, na wengi hupona. Kifundo kisichouma, ngozi ya ziwa kukunjamana au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu kuingia ndani au kutoa damu, uvimbe kwapani: hayo yote ni ya kupeleka kwa daktari juma hilo hilo. Si kila kifundo ni kansa. Vingi si kansa. Lakini hakuna mtu, awe mganga, muuguzi au mama mkwe, awezaye kujua kwa kushika na mkono. Ni lazima kipande cha nyama kipimwe. Wanaume nao wasijitoe: katika wagonjwa 100 wa kansa ya ziwa, mmoja hivi huwa mwanamume.

Wahenga walituachia maneno mawili yanayopingana: haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika ugonjwa huu yote mawili ni kweli, kila moja mahali pake. Majuma mawili matatu ya kuuliza, kufikiri na kuzungumza na jamaa hayaharibu matibabu. Miezi sita ya kujificha huyaharibu. Mwanamke asilazimishwe kuamua siku ile ile aliyosikia habari, wala asiachwe apotee kambini hadi msimu mwingine.

Ziwa lote au kifundo peke yake?

Swali la mwenzetu lilikuwa swali la haki, na lina jibu. Tulieleze kama tunavyolielewa.

Tangu miaka ya 1880 daktari mmoja wa Marekani, William Halsted, aliwafundisha madaktari wenzake kuondoa ziwa lote pamoja na misuli ya kifua iliyo chini yake na tezi zote za kwapani. Aliamini kwamba kadiri unavyokata zaidi ndivyo unavyoponya zaidi. Karibu kwa miaka 80 dunia ilimfuata. Wanawake walibaki na vifua vilivyoingia ndani na mikono iliyovimba.

Katika miaka ya 1970 madaktari wengine walitaka kuyapima mambo hayo badala ya kuyaamini tu. Huko Milano, Italia, Umberto Veronesi alianza mwaka 1973 kulinganisha wanawake 701 wenye uvimbe mdogo. Huko Marekani, Bernard Fisher na wenzake walianza mwaka 1976, wakawafuata wanawake 1,851 wenye uvimbe usiozidi sentimita 4. Baadhi walikatwa ziwa lote, wengine waliondolewa kifundo na nyama iliyokizunguka tu. Waliwafuata kwa miaka 20, na matokeo ya pande zote mbili yakachapishwa mwaka 2002. Waliobakizwa ziwa waliishi sawa na waliokatwa ziwa lote.

Lakini kuna sharti, na hapa tafadhali someni polepole. Katika utafiti wa Fisher, wanawake walioondolewa kifundo bila kupigwa mionzi baadaye, kansa iliwarudia katika ziwa lile lile kwa 39 katika kila 100. Waliopigwa mionzi ilikuwa 14 katika kila 100. Basi kubakiza ziwa ni matibabu mawili: kisu na mionzi. Mwenye kuchagua kisu kidogo ni lazima awe na njia ya kuifikia mionzi, siku tano kila juma, kwa majuma matatu mpaka matano.

Na kukata ziwa lote pia si mwisho wa safari kila mara. Ikiwa uvimbe ulikuwa mkubwa au tezi za kwapani zimekutwa na kansa, mionzi yaweza kutakiwa vilevile. Wengi huhitaji dawa kali za kansa zinazotiwa kwenye mshipa, ambazo pengine hutangulia upasuaji ili uvimbe upungue. Wengine, ambao kansa yao hulishwa na homoni za kike, hupewa vidonge kama vile tamoksifeni vya kumeza kila siku kwa miaka mitano au zaidi. Ndiyo maana kile kipande cha nyama ni lazima kipimwe kikamilifu: majibu yake husema si tu kama ni kansa, bali ni kansa ya namna gani.

Haki ya kuulizwa

Ziko haki ambazo leo twaziona za kawaida, lakini kuna watu waliozipigania. Haki ya mwanamke kuulizwa kabla ya kukatwa ni mojawapo.

Marekani, hadi miaka ya 1970, desturi ilikuwa hivi: mwanamke mwenye kifundo alilazwa usingizi kwa dawa, kipande kikapimwa hapo hapo akiwa amelala, na kikionekana kuwa kansa ziwa likaondolewa bila yeye kuamshwa. Alilala hajui kama ni mgonjwa, akaamka hana ziwa. Mwandishi wa habari mmoja, Rose Kushner, alipougua mwaka 1974 alikataa kutiwa saini yake kwa namna hiyo. Alitaka kwanza apimwe, aamke, aambiwe, kisha aamue. Alitafuta daktari wa kukubali hivyo, na baada ya hapo akaandika na kusumbua wakubwa kwa miaka. Mwaka 1979 mkutano wa wataalamu uliofanyika katika taasisi ya afya ya serikali huko Bethesda, naye akiwa mmoja wa wajumbe, ulikubali kwamba kupima na kukata viwe vitendo viwili, na kati yake mgonjwa apate nafasi ya kuamua.

Twataja habari hii kwa sababu yafanana sana na kazi yetu. Chama kimetufundisha miaka yote: usitie saini mkataba usiousoma, usikubali makato usiyoelezwa. Basi itakuwaje tuweke kidole kwenye karatasi ya upasuaji kwa lugha tusiyoielewa? Mwili wa mfanyakazi ndio chombo chake cha kwanza cha kazi. Mwenye chombo aulizwe.

Wala hatusemi kwamba kila mmoja akiulizwa atachagua kubakiza ziwa. Mwenzetu wa pili, mfungashaji katika kiwanda cha chai, kifundo chake kilikuwa kidogo na alikuja mapema. Yeye alibahatika kupata muuguzi aliyekaa naye na kumweleza njia zote mbili kwa lugha yake. Aliuliza: mionzi iko wapi? Kampala. Nitalala wapi majuma hayo yote? Hapakuwa na jibu. Alikuwa na mtoto mchanga wa dada yake aliyefariki. Alifikiri kwa siku kumi, akazungumza na mumewe, akachagua ziwa lote liondolewe. Leo yuko kazini, na ndani ya sidiria ameweka ziwa la uzi alilofumiwa na wenzake. Alituambia: "Mimi sikunyang'anywa. Nililitoa mwenyewe."

Wenzetu hawa wawili walikatwa sehemu ile ile ya mwili. Mmoja ana amani, mwingine hana. Tofauti yao ni kuja mapema, kuulizwa, na nafasi ya kufikiri.

Lakini tuseme ukweli wote: hata huyu wa pili hakuwa huru kabisa. Kama Kampala pangekuwa na kitanda cha kulala na kazini pangekuwa na siku za kutosha, huenda angechagua hivyo hivyo, huenda asingechagua. Uchaguzi unaoamuliwa na nauli si uchaguzi kamili.

Hesabu ya siku

Sasa tufike kwenye mkataba. Chukueni kalamu.

Mtu aliyekatwa ziwa na tezi za kwapani huhitaji majuma manne mpaka sita, pengine zaidi, kabla ya kurudi kwenye kazi ya nguvu. Dawa kali za kansa, zikitiwa kila baada ya majuma matatu, mara nne mpaka nane, huchukua miezi mitatu mpaka sita. Mionzi huchukua majuma matatu mpaka matano, mbali na siku za kungoja zamu. Jumlisheni. Matibabu yakienda vizuri bila kukatika, yaweza kula miezi minane au tisa.

Na sheria? Sheria ya Ajira ya Uganda iliyotungwa mwaka 2006 ilimwekea mfanyakazi mgonjwa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili ukiisha naye bado ni mgonjwa, mwajiri anaruhusiwa kuuvunja mkataba wake, mradi amlipe haki zake hadi siku hiyo.

Miezi miwili kwa ugonjwa wa miezi tisa! Hapo ndipo mwanamke anapofanyiwa uamuzi na watu wasiojua hata jina la ugonjwa wake. Akienda kupasuliwa na kutiwa dawa, atapoteza kazi. Akipoteza kazi atapoteza na nyumba, kwa maana nyumba ya kambini ni ya mwenye kazi. Na akipoteza nyumba, watoto watatoka shule ya shambani. Basi anameza maumivu, anafunga kanga kifuani, anachuma chai. Tukimwuliza mbona hukwenda, anasema, "Nangoja msimu upungue."

Yule mwenzetu wa kwanza ndivyo ilivyokuwa. Aliporudi hospitali alipewa dawa kwanza, kisha ziwa likaondolewa, na yu hai hadi leo tunapoandika. Lakini mwezi wa tatu barua ilimkuta kitandani. Hakuna sheria iliyovunjwa. Alilipwa alichostahili, akapewa siku za kuhama. Leo anauza nyanya nje ya lango la shamba alilolichumia miaka kumi na minne, mkono wake wa kushoto umevimba, na kila asubuhi anatusalimu tukipita.

Tusiusahau mkono huo. Tezi za kwapani zikiondolewa au kupigwa mionzi, maji ya mwili yaweza kukosa njia, mkono ukavimba, pengine miaka baadaye. Mchuma chai hufanya kazi kwa mikono miwili mchana kutwa na kapu mgongoni. Mkata miwa huinua panga mara maelfu. Mtu huyu hahitaji kukaa bure, kwani mazoezi ya mkono yanamfaa. Anahitaji mkono ule usibebeshwe mzigo mzito ghafla, usikatwe na panga wala miiba, na jeraha dogo litibiwe upesi. Kwa maneno mengine anahitaji kazi nyepesi kwa muda, na kazi nyepesi zipo: kuchagua, kufungasha, kuandika mizani, kitalu cha miche.

Wanaotupinga

Waajiri watasema, "Sisi ni shamba, si hospitali." Kweli. Hatuwaombi wapasue watu. Twawaomba wasimfukuze mtu kwa sababu anapasuliwa. Mchumaji mwenye uzoefu wa miaka kumi na minne hapatikani sokoni kwa asubuhi moja, na kuwapoteza watu wa namna hiyo pia ni hasara ya shamba.

Wapo na wenzetu ndani ya chama, hasa akina baba, waliotuambia mkutanoni: "Tuna mambo makubwa ya mishahara, haya ni mambo ya wanawake." Twawajibu kwa heshima. Majani yale yanachumwa na mikono ya nani? Michango ya chama inakatwa kwa nani? Tena miezi miwili hiyo haibagui: mwanamume mwenye kifua kikuu sugu, mwenye figo, aliyevunjika mguu kwa trekta, wote huwekwa kwenye hesabu ile ile. Tukiupata muda kwa ajili ya mwenye kansa ya ziwa, tumeupata kwa ajili ya wote.

Wengine, kwa nia njema, walisema: "Kwa nini kuwachanganya wanawake kwa maelezo mengi? Mionzi iko mbali. Waambieni wakate lote, basi." Hatukubali. Kwa wengi wetu kukata lote kutakuwa uamuzi wa busara, na hakuna aibu ndani yake. Lakini anayefichwa njia moja hatafanya amani na ile nyingine. Na tukinyamaza kuhusu mionzi, nani ataidai? Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda, iliyokuwa Mulago tangu mwaka 1995, iliharibika kabisa. Baadhi ya wagonjwa wakapelekwa Nairobi, wengi wakangoja. Mashine mpya ilianza kazi mwishoni mwa mwaka 2017, na nyingine zikaongezwa baadaye. Kelele za wananchi zilisaidia. Jirani zetu wa Rwanda walifungua kituo cha kansa huko Butaro, kijijini kaskazini, mwaka 2012. Basi huduma yaweza kumsogelea mtu wa shambani pale watu wanapoikazania.

Shirika la Afya Duniani liliweka malengo matatu kwa nchi zote: katika kila wagonjwa 100 wa kansa ya ziwa, 60 au zaidi waonekane mapema, majibu yapatikane katika siku 60 tangu mtu aende kwa daktari, na 80 katika 100 wamalize matibabu yao. Lengo la kwanza na la pili twawaachia zaidi madaktari na serikali. Lile la tatu ni letu. Mtu hamalizi matibabu kama barua ya kufukuzwa inamngoja.

Tunachodai

Sheria imeweka kiwango cha chini. Haikukataza mapatano ya chama na mwajiri kukizidisha. Kwa hiyo twapendekeza kwa matawi yote kwamba katika mapatano yajayo yaingizwe mambo haya:

1. Mfanyakazi mwenye barua ya daktari kwamba anatibiwa kansa, au ugonjwa mwingine wa muda mrefu, asivunjiwe mkataba kabla ya miezi kumi na miwili.

2. Mshahara kamili kwa miezi mitatu, na nusu mshahara kwa miezi inayofuata ya matibabu.

3. Nyumba ya kambini isichukuliwe wakati wote wa matibabu, wala watoto wasitolewe shule.

4. Siku za kwenda kupimwa zihesabiwe kama siku za kazi, na gari la shamba au nauli itolewe kwa mwenye barua ya zahanati.

5. Anayerudi apewe kazi nyepesi hadi daktari aseme, bila kupunguziwa daraja.

6. Kila zahanati ya shamba iwe na mtu aliyefundishwa kupima maziwa kwa mkono, na faragha ya kufanyia hivyo.

Na chama chenyewe kisikae kikidai kwa wengine tu. Tawi lianze mfuko mdogo wa nauli. Tawi lichague akina mama wawili wa kumsindikiza mgonjwa hospitali, mmoja wao awe anajua Kiingereza. Si kumwamulia, ni kumsikilizia, kwa maana mtu aliyeambiwa ana kansa husikia neno hilo moja, mengine yote humpita.

Maswali ya kwenda nayo

Wewe dada, wewe mama, ukiambiwa habari hii, muulize daktari wako maswali haya, na msindikizaji ayaandike majibu. Si utovu wa adabu. Daktari mwema huyafurahia.

Je, kansa imefika wapi: ziwani tu, kwapani, au mbali zaidi? Kipande changu kimepimwa homoni? Katika hali yangu, inawezekana kuondoa kifundo tu, na kama haiwezekani, ni kwa sababu gani? Nitahitaji mionzi kwa njia zote mbili, au kwa moja tu? Dawa zitangulie kisu au zifuate? Tezi za kwapani mtaondoa ngapi, na mkono wangu niutunzeje? Nitakaa siku ngapi bila kazi ya nguvu? Nikitaka kufikiri kwanza, nina muda gani bila kujidhuru? Na swali la mwisho: waweza kuniandikia hayo yote kwa mwajiri wangu?

Nawe mume, usimwambie mkeo kwamba ziwa likitoka naye atoke. Tumewaona waliosema hivyo. Tumewaona pia waliobeba kapu la mke wakachuma badala yake Jumapili ili nauli ipatikane. Watoto wa kambi wanawajua wote wawili kwa majina.

Mficha uchi hazai, walisema wazee. Tumelificha jambo hili vya kutosha, na tumezika vya kutosha. Kesho alfajiri, king'ora kikilia, tutampita tena mwenzetu pale langoni na nyanya zake. Mnunulieni. Na mkutano wa tawi utakapouliza kama kuna mengineyo, mtu mmoja asimame aseme: miezi miwili haitoshi. Wengine wote wasimame naye.

Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kamati ya Wanawake